MWILI WA ROBOTI TUUKATE WENYEWE

Hotuba ya mwalimu wa karakana mbele ya kamati za maendeleo za parokia na wafadhili wa mafunzo ya ufundi stadi



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo limekwisha kuzua maswali katika baadhi ya parokia, nalo ni roboti ndogo ambazo wanagenzi wa karakana zetu wanajifunza kutengeneza. Maswali hayo ni ya haki. Mzazi anayeuza mahindi ili alipe ada anastahili kuuliza kama mwanawe anafundishwa kazi au anachezea midoli. Mfadhili naye anastahili kujua sadaka yake imekwenda wapi.

Mkutano huu una mapendekezo mawili mezani. La kwanza ni kununua maboksi ya roboti zilizokwisha kutengenezwa, mwili na kila kitu, kisha kuyagawa katika vyuo na shule zetu. La pili ni kununua vifaa vya umeme tu, na kuiachia karakana kazi ya kubuni na kukata mwili wa plastiki. Mimi naunga mkono pendekezo la pili. Naomba nieleze sababu zangu kwa undani kidogo, ili kila mmoja atakaponyoosha mkono ajue anakubali nini.

Mwili si nguo

Roboti ndogo ni kifaa kinachohisi, kinachoamua na kinachotenda. Kina ubongo, ambao ni ubao mdogo wa umeme uliowekewa programu. Kina vihisi badala ya macho na masikio. Kina mota na magurudumu badala ya miguu, na betri ndiyo chakula chake. Ubao unaotumika sana katika mafunzo ni Arduino, uliobuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea nchini Italia kwa ajili ya wanafunzi. Ubao wenyewe ni mdogo: ule uitwao Uno una urefu wa milimita 68.6 na upana wa milimita 53.4, yaani unaenea katika kiganja cha mkono.

Wengi hudhani kwamba ukishapata vitu hivyo roboti imekamilika, na mwili ni nguo tu ya kuifunika ipendeze. Sivyo. Mota mbili zisipofungwa sambamba, roboti itakwenda upande hata kama programu haina kasoro, na mwanagenzi atakesha akitafuta kosa katika kompyuta wakati kosa liko kwenye tundu la skrubu. Betri ikikaa juu mno, roboti itapinduka kwenye kona. Kihisi cha kufuata mstari kinatakiwa kikae milimita chache tu juu ya sakafu. Ukikipandisha sentimita tatu, kinakuwa kipofu. Kwa hiyo mwili ni mifupa. Ndio unaokishika kila kiungo mahali pake.

Jambo hili si jipya. Katika miaka ya 1948 na 1949, mtaalamu wa ubongo aitwaye William Grey Walter, aliyekuwa akifanya kazi Bristol, Uingereza, alitengeneza roboti mbili ndogo alizozipa majina Elmer na Elsie. Watu waliziita kobe kwa sababu ya gamba lililozifunika. Gamba hilo halikuwa pambo. Liliwekwa kwa namna ya kuning'inia, hivyo kobe alipogonga kizuizi gamba lilisogea na kugusa swichi, naye akabadili njia. Mwili wenyewe ulikuwa kihisi cha kugusa. Mwanagenzi akielewa hilo, ataacha kuuliza afunike roboti kwa kitu gani, na ataanza kuuliza mwili umfanyie kazi gani.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi na nyakati zetu. Mwaka 2012 Mtandao wa Roboti wa Afrika, uitwao AFRON kwa kifupi, ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana pamoja na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulitangaza shindano la kubuni roboti ya kufundishia kwa gharama ya dola 10 za Marekani. Miongoni mwa zilizoshinda ilikuwa Lollybot, iliyobuniwa na Thomas Tilley anayeishi Thailand. Vifaa vyake viligharimu dola 8.96. Mwili wake ulikuwa ganda la plastiki la kishikio cha kuchezea michezo ya kompyuta, na juu ya vijiti vyake viwili alichomeka pipi za kijiti. Roboti ilipogonga ukuta, uzito wa pipi ulivisukuma vijiti mbele, na hivyo kompyuta ikajua kuna kizuizi. Huyu hakungoja boksi liletwe. Alitazama plastiki iliyokuwapo, akauliza inaweza kufanya nini.

Kuijua plastiki

Fundi seremala haingii kazini bila kujua kama mbao aliyonayo ni mninga au msonobari. Lakini plastiki zote tumezizoea kuziita plastiki, basi. Somo la kwanza katika karakana ni kuzitofautisha.

Nyingi zina alama ya pembetatu yenye namba ndani yake, utaratibu ulioanza Marekani mwaka 1988. Namba 2 ni poliethilini nzito, ambayo ni plastiki ya madumu mengi ya mafuta na maji. Namba 3 ni PVC, plastiki ya mabomba. Namba 5 ni polipropilini, inayopatikana katika vizibo vingi na ndoo nyingi. Namba 7 ni mchanganyiko wa nyinginezo.

Pale alama ilipofutika, bado kuna kipimo cha beseni la maji. Kata kipande kidogo ukitumbukize, na uhakikishe hakikushikilia mapovu ya hewa. Poliethilini na polipropilini huelea, kwa sababu ni nyepesi kuliko maji. PVC na plastiki ngumu ya maganda ya kompyuta, iitwayo ABS, huzama. ABS ndiyo pia plastiki ambayo matofali ya kuchezea ya LEGO yametengenezwa nayo tangu mwaka 1963, na hiyo inatosha kuonyesha jinsi inavyoshika kipimo.

Kila moja ina tabia yake. Plastiki ya dumu haivunjiki kwa urahisi na hukatwa hata kwa vifaa vya useremala, lakini gundi za kawaida haziishiki. Lazima ifungwe kwa bolti au ribiti. ABS hukubali gundi, na asetoni huiyeyusha kiasi cha kuunganisha vipande viwili vikawa kimoja. Perspeksi inapendeza kwa sababu unaona ndani, ila hupasuka ikitobolewa kwa pupa. PVC hulainika kwenye joto la kadiri ya nyuzi 80 za Selsiasi na kuendelea, nayo ikipoa hubaki na umbo ulilolipa.

Tabia hii ya PVC inatupa malighafi ya kutosha. Chukua kipande cha bomba la maji machafu lenye kipenyo cha milimita 110, likate kwa urefu upande mmoja, ulilainishe kwa maji yanayochemka au joto la oveni, ulifunue na kuligandamiza katikati ya mbao mbili bapa mpaka lipoe. Utapata bapa lenye upana unaozidi sentimita 33. Kabla hajalikata bomba, mwanagenzi hutakiwa kukokotoa upana huo kwa kuzidisha kipenyo kwa 3.14 na kuondoa kidogo kwa ajili ya unene wa bomba. Hesabu iliyomchosha ubaoni sasa ina faida, kwa sababu jibu lake linaweza kupimwa kwa rula.

Kubuni kabla ya kukata

Ubunifu huanza kwa kupima, na kupima huanza na vitu vitakavyokaa ndani. Mota ndogo za rangi ya njano zenye gia, zinazotumika mno katika mafunzo, zina urefu wa takriban milimita 70, kimo cha 22 na unene wa 18. Magurudumu yanayoendana nazo yana kipenyo cha milimita 65. Kwa hiyo ekseli iko milimita 32.5 juu ya sakafu, yaani nusu ya kipenyo.

Hapo mwanagenzi anakabiliwa na uamuzi wa kwanza. Je, bapa la msingi likae juu ya mota au chini yake? Ekseli hupita katikati ya kimo cha mota, milimita 11 kutoka kila upande. Akiliweka bapa juu, uso wake wa chini utakuwa milimita 32.5 kujumlisha 11, yaani 43.5 kutoka sakafuni. Akiliweka chini, uso wa juu wa bapa utakuwa 32.5 kutoa 11, yaani 21.5. Ukiondoa milimita 3 za unene wa bapa, nafasi iliyobaki chini ni 18.5. Njia ya pili inashusha uzito na roboti inatulia, lakini haiwezi kupita juu ya jiwe kubwa. Hakuna jibu moja lililo sahihi siku zote. Jibu linategemea roboti itatembea wapi, darasani kwenye saruji au shambani kati ya matuta.

Uamuzi wa pili ni wa betri. Betri nne za kawaida za volti 1.5 hutoa volti 6, na ndizo kitu kizito kuliko vyote. Zikae chini, kati ya ekseli na gurudumu la tatu, ili magurudumu mawili yanayosukuma yabebe sehemu kubwa ya uzito na yasiteleze. Gurudumu la tatu huhitaji kuzunguka kila upande. Kigololi cha plastiki kutoka kwenye chupa tupu ya deodoranti hufanya kazi hiyo vizuri, kikikaa ndani ya shingo ya chupa yake mwenyewe.

Baada ya hesabu huja kadibodi. Kila mwanagenzi hukata mwili mzima kwa kadibodi ya boksi la sabuni, akaupanga, akaingiza mota na ubao, akaangalia kama bisibisi inafika kwenye kila skrubu na kama betri zinatoka bila kubomoa kitu. Makosa ya kadibodi hayana gharama. Karatasi ya mchoro inapobandikwa juu ya plastiki, makosa yawe yamekwisha kusahihishwa.

Kukata, kutoboa na kukunja

Nitaeleza kazi yenyewe kwa ufupi, ili wanakamati mkitembelea karakana mjue mnatazama nini.

Bapa lenye unene wa milimita 3 hubanwa kwenye jiliwa katikati ya vibao viwili, lisitikisike. Hukatwa kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, kwa mwendo wa polepole, nje kidogo ya mstari. Ukiharakisha, plastiki hupata moto, huyeyuka, na kuushika msumeno. Milimita iliyobaki huondolewa kwa tupa na kumaliziwa kwa msasa. Mwenda pole hajikwai. Katika plastiki methali hii ni sheria ya kazi.

Kwenye kona za ndani, tundu hutobolewa kwanza, kisha msumeno huishia kwenye tundu hilo. Kona kali ndiyo mahali ufa unapoanzia, lakini kona ya mviringo hugawa nguvu. Matundu ya skrubu za milimita 3 hutobolewa kwa milimita 3.2, kwa maana plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma. Poliethilini hutanuka takriban mara kumi zaidi ya chuma cha pua au cha kawaida. Tundu lililobana asubuhi litapindisha bapa saa nane mchana chini ya paa la bati. Vilevile tundu lisikae karibu na ukingo. Liachiwe nafasi isiyopungua mara mbili ya kipenyo chake.

Keekee ya kutobolea huanza na ncha ndogo na kupanda hatua kwa hatua. Chini ya plastiki huwekwa ubao, ili ncha inapotokea upande wa pili isibomoe. Kwa perspeksi, makali ya ncha hupunguzwa kidogo kwenye kinoo ili yakwangue badala ya kung'ata, na maji ya sabuni hudondoshwa kupooza. Kuta za mwili hukunjwa kwa kupasha joto mstari mmoja tu, kwa waya wa moto ulionyooshwa, kisha plastiki hulazwa kwenye ukingo wa meza uliopimwa pembe mraba na kushikwa hapo mpaka ipoe.

Mbele hubaki uso wa roboti. Kihisi cha sauti kinachopima umbali kina macho mawili ya duara, kila moja kama milimita 16. Matundu yake mawili yasipolingana, kihisi hakiingii. Hapo ndipo kalipa, kile chombo cha kupimia sehemu ya kumi ya milimita, kinapomfundisha kijana unyenyekevu. Hawezi kubishana nacho, wala hawezi kukihonga.

Pale ambapo chuo kina mashine ya kukereza, magurudumu nayo hukerezwa kutoka kwenye plastiki nene ya namba 2, na kuvishwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Chuo kisicho na mashine hiyo hutumia vizibo vya madumu. Roboti zote mbili hutembea.

Usalama wa vijana wetu

Ndugu wanakamati, hapa naomba umakini wenu, kwa sababu mnawajibika kwa watoto wa watu. PVC ikichomwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayounguza macho na mapafu. Hulainishwa kwa joto la upole mahali penye hewa. Haiwekwi kwenye mwali wa moto, na mabaki yake hayachomwi jalalani. Dumu lililowahi kubeba dawa za kuulia wadudu au kemikali nyingine halitumiki hata likioshwa mara saba. Asetoni huwaka haraka, hivyo haikai chumba kimoja na jiko. Betri za lithiamu hazitobolewi wala kubanwa na skrubu. Miwani ya kazi huvaliwa na kila aliye karibu na keekee, akiwemo mgeni rasmi.

Maranda ya plastiki nayo hukusanywa kila jioni. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017, kwa sababu ya uchafu uliokwisha kuonekana kwa macho. Haitakuwa sawa karakana ya Kanisa iokote dumu barabarani asubuhi na kumwaga unga wake mtoni jioni. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kuitunza dunia kama nyumba yetu sote na kuacha mazoea ya kutumia na kutupa. Waraka huo unafundishika vizuri mkononi mwako ukiwa na msumeno.

Hoja zinazopinga

Sasa nizitazame hoja za wale wanaopendelea maboksi, kwani zina uzito.

Wanasema boksi ni haraka. Ni kweli. Mwanafunzi hulifungua asubuhi na mchana roboti inatembea. Kwa shule ya sekondari isiyo na karakana wala mwalimu wa ufundi, boksi moja la kuonyesha linaweza kuwasha hamu. Sipingi hilo. Lakini siku kishikio cha mota kinapovunjika, kipuri kiko nchi nyingine, na roboti inarudi kabatini. Nguo ya kuazima haisitiri. Kijana aliyekata kishikio hicho mwenyewe atakata kingine kabla ya chakula cha mchana.

Wengine wanapendekeza mashine ya kompyuta inayochapa maumbo ya plastiki. Hiyo nayo ni nzuri, na Waafrika si wageni nayo: mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, Togo, aliunda mashine ya namna hiyo kwa kutumia vipuri vya kompyuta na vifaa vya umeme vilivyotupwa. Hata hivyo inahitaji umeme usiokatika kwa saa nyingi na nyuzi za plastiki za kununua. Nyuzi zinazotumika zaidi, ziitwazo PLA, hulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi. Mwili uliochapwa nazo ukiachwa ndani ya gari juani unapinda. Na mashine huchapa hata mchoro mbaya. Anayejua kupima na kukata kwa mkono ataitumia kwa busara siku itakapofika.

Hoja nzito kuliko zote ni ya tatu: roboti haimlishi mtu. Nakubali. Sitawadanganya kwamba mhitimu wetu atafungua duka la kuuza roboti sokoni. Lakini tazameni alichobeba mikononi anapoondoka. Anajua kuitambua plastiki, kuikata, kuikunja, kuitoboa na kuiunganisha. Matenki ya maji ya plastiki yanapasuka, naye anajua kwa nini gundi haishiki pale na joto linashika. Bampa za magari zinavunjika. Maduka yanahitaji mabango ya perspeksi. Mafundi wa sola wanahitaji maboksi ya kuhifadhi vidhibiti vyao visiingiwe na vumbi na mjusi. Zahanati ina vifaa ambavyo ubongo wake ni mzima, ila ganda limevunjika na kitasa cha swichi kimepotea. Kazi hizi zipo parokiani, na malipo yake yapo. Roboti ndiyo kipimo kinachoonyesha kama kijana ameiva, kwa sababu roboti iliyokatwa vibaya haitembei, na hakuna maneno yatakayoitembeza.

Tena, kazi hii haihitaji misuli mikubwa. Inahitaji jicho, subira na mkono uliotulia. Mabinti wanaoambiwa kwamba karakana ni ya wavulana wana nafasi hapa ya kujionyesha, na wazazi wao wana nafasi ya kubadili mawazo.

Maombi yetu

Baada ya maelezo hayo, naleta maombi matano mbele yenu.

1. Fedha zilizopangwa kwa maboksi zigawanywe hivi: vifaa vya umeme ambavyo hatuwezi kuvitengeneza vinunuliwe, yaani ubao, mota, vihisi na vishikio vya betri; kilichobaki kinunue kalipa, jiliwa, seti za ncha za keekee, tupa na miwani ya kazi. Vifaa vya umeme huchakaa na kubadilika. Jiliwa iliyotunzwa itawahudumia wajukuu.

2. Kila kamati ya parokia ichague mahali pa kukusanyia plastiki safi za namba 2, 3 na 5, zilizooshwa na kutenganishwa. Jumuiya ndogondogo zinaweza kupokezana zamu. Madumu yaliyobeba sumu yasipokelewe.

3. Kila parokia ilete chuoni kazi moja halisi ya plastiki inayohitaji kutengenezwa, iwe boksi la swichi la kanisani, kishikio kilichovunjika cha zahanati au bango la ofisi, ili wanagenzi wapimwe kwa mahitaji ya watu.

4. Wafadhili wanaopenda kututembelea waje na mafundi wao, hata kwa wiki moja. Fundi anayefanya kazi ya plastiki huko kwenu, akisimama mbele ya jiliwa pamoja na vijana, atatufaa kuliko kontena zima la vitu tusivyoweza kuvitengeneza vikiharibika.

5. Ripoti za mradi zisihesabu roboti zilizogawiwa. Zihesabu wanagenzi waliobuni, wakakata na kurekebisha mwili wa roboti kwa mikono yao, pamoja na kazi walizopata mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Hesabu hiyo itakuwa ndogo mwanzoni. Tuikubali ikiwa ndogo, mradi iwe ya kweli.

Ndugu zangu, tangu mwaka 1955, alipoianzisha Papa Pius XII, Kanisa huadhimisha kila tarehe 1 Mei sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Injili haituambii kwamba Yosefu alisema neno lolote. Inatuambia alikuwa fundi, na kwamba Mkombozi wetu alijulikana kama mwana wa fundi. Nazareti hakukuwa na boksi lililoletwa tayari. Palikuwa na malighafi, vipimo, na mkubwa aliyemwonyesha mdogo namna ya kushika chombo.

Hicho ndicho tunachoomba mtuwezeshe kukifanya. Kura yenu ya leo haitaamua kama vijana wetu watakuwa na roboti, kwa kuwa mapendekezo yote mawili yanawapa roboti. Itaamua kama roboti hiyo ikivunjika mwezi wa tatu, atakuwapo mtu hapa kijijini wa kuitengeneza.